Mkaza Mwana wa Mchana

Siku niliyoambiwa nimepata mgonjwa wangu wa kwanza, nilishuka ngazi za ile ofisi ya Malindi mbiombio hadi kiatu kimoja kikanichomoka, nikakirudia huku nacheka peke yangu. Nilikuwa nimesomea Kilifi kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na tangu nimalize nilikuwa nakaanga mihogo na kuuza karibu na chumba tulichopanga Muyeye, cheti nimekiweka juu ya kabati kisije kikalowa mafuta. Sasa nilikuwa na mgonjwa. Nilipewa sare ya buluu, suruali na blauzi, nikaivaa jioni hiyo hiyo kabla hata ya kazi kuanza, nikajipitisha mbele ya wauza mihogo wenzangu mara nyingi kuliko haja. Mmoja akaniuliza kama huko kwetu kuna dawa ya miguu isiyotulia.

Mgonjwa alikuwa mzee wa Kigiriama, mgema wa zamani aliyefiwa na mke, akiishi kwa mwanawe huko Kakuyuni. Mwana alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini na nyumba nzuri ya mawe. Mkewe alishinda nyumbani na kuku wake wa mayai. Msimamizi wetu ofisini, mama mmoja aliyeipenda simu yake kuliko alivyotupenda sisi, alinieleza kwamba mzee ana ugonjwa wa kusahau na kwamba wahudumu wawili wameshatoka kwake. Nikamwuliza walitoka kwa nini. Akasema hawakuwa na subira. Moyoni nikasema, hao watakuwa watu wa bara, hawajui kusema na wazee wetu. Mimi nimezaliwa Vitengeni, nimelelewa na babu na bibi, mzee wa Kigiriama atanishinda kwa lipi? Nilikwenda Kakuyuni nimeketi nyuma ya bodaboda kifua mbele, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kikoi kimefungwa vizuri, bakora kati ya magoti. Mrefu, mkavu, kichwa cheupe. Nikamwamkia kwa Kigiriama, nikainama kama nilivyofunzwa kwetu. Akanitazama kwa muda, akauliza huyu ni nani. Nikasema, "Ni mjukuu wako, babu."

Uso ukamfunguka. "Mke wangu," akasema. "Umechelewa wapi?"

Nyumba nzima ikacheka. Mwanawe, niliyekuwa nimeshaanza kumwita bosi, alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema wale wawili wa kwanza hawakuwahi kupokelewa hivyo.

Kwa asiyejua, kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani. Babu humwita mjukuu mke wake, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mtu hakui vizuri kama hakutaniwa hivyo. Babu yangu mzaa baba alikuwa akinilalamikia mbele ya wageni kwamba wali wangu una mawe, nami namjibu kwamba mume asiyenunua hata leso moja hachagui wali. Bibi alikuwa akiniita mke mwenziwe na kunifukuza na mwiko uwanja mzima. Hayo ndiyo mapenzi tuliyoyajua. Kwa hiyo mzee wa Kakuyuni aliponiita mke wake, jibu lilinitoka lenyewe. Nikamwambia nimechelewa kwa sababu nauli hakunitumia. Alicheka hadi akakohoa, nikampigapiga mgongo.

Tena nilikuwa na elimu ya kuniunga mkono. Mwalimu wetu wa Kilifi alikuwa akitwambia kila siku: msibishane na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau. Akisema leo ni Ijumaa, iwe Ijumaa. Akisema mvua inanyesha, chukua mwavuli. Ingieni katika dunia yake, ndiyo pekee aliyobaki nayo. Basi mimi niliingia kwa mlango alionifungulia mwenyewe, na siku zile za mwanzo nilikuwa na furaha ya ajabu. Alikula. Alioga bila ugomvi. Nilikuwa namwogesha huku tunagombana juu ya mahari, ng'ombe aliowatoa kwa baba yangu na ng'ombe aliowabakisha, na mke wa bosi anasikia jikoni na kuangua kicheko. Jioni nilirudi Muyeye nikimsimulia mwenzangu wa chumba, dada mmoja wa Machakos aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, na nilikuwa nasimulia nimesimama kwa sababu kukaa sikuweza.

Lakini utani unataka watu wawili wanaojua kwamba ni utani.

Kwanza aliniuliza kwa nini naondoka jioni. Mke gani huyu, akasema, anayelala kwingine? Nikacheka, nikampa jibu la utani, nikaenda zangu. Kesho yake alinishika kifundo cha mkono nilipochukua mkoba. Mikono ya mgema, jamani. Ile mikono ilikuwa imekumbatia minazi tangu ujana wake. Mwili mwingine wote ulikuwa umezeeka, mikono haikupata habari. Nilikaa nimeshikwa mpaka uji wa jioni ukapoa. Siku nyingine aliniona kupitia dirishani nikizungumza na mtu wa bodaboda langoni, nikielewana naye aje anichukue. Nilipoingia na kikombe, kikombe kiliruka ukutani, na kofi likafuata kabla sijajua kikombe kimekwenda wapi. Akaniuliza yule mwanamume ni nani. Ukaja wakati wa bakora, begani, mara ya kwanza kwa kushtukiza na mara zilizofuata kwa kutarajiwa. Alasiri moja alisukuma komeo la mlango, akauegemea, akasema leo huendi popote. Nikakaa sakafuni nikimwongelesha mambo ya minazi mpaka akachoka kusimama.

Nilimwambia mwanawe. Nilimngoja arudi kutoka dukani, nikamweleza kwa adabu, nimesimama, mikono nyuma.

"Baba yangu?" akasema. "Dada, baba hajampiga mtu tangu azaliwe. Sisi wanawe tumekua hatulijui kofi lake. Majirani walikuwa wakimcheka, wanasema mgema gani huyu anawabembeleza watoto. Hayo ni utani. Si nakusikia mwenyewe ukimwita mume?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Kama angenifokea ningejua la kumjibu. Alinisemesha kwa upole kabisa, akaniuliza kama nimekula, akaingia chumbani kwa babake, nikawasikia wanacheka wote wawili.

Nikampigia msimamizi. Akanisikiliza, akasema, "Sasa mwenyewe unasema mnaitana mke na mume. Mimi niandike nini? Vumilia, mama. Ni mgonjwa."

Neno vumilia nalichukia hadi leo. Kwamba ni mgonjwa nalijua, ndiyo sababu niliajiriwa. Sikumwona mwenye hatia, wala sikutaka apelekwe kwa chifu. Lakini bakora ya mgonjwa haiumi kidogo kuliko ya mzima, na mfupa wangu wa bega haukupata kuuliza aliyeushukia ana cheti cha daktari au hana. Tulipoitwa ofisini kwa mkutano, nilikuta wenzangu wote wana alama zao. Mmoja aling'atwa mkono na bibi kizee akimlisha. Mmoja alimwagiwa chai. Mmoja mgonjwa wake alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, ila mpwa wa mgonjwa alikuwa akimvizia ukumbini, na mwenzangu hilo alilisema kwa sauti ya chini. Tulicheka sana siku ile, tunaonyeshana mikono kama watoto wanaoonyeshana vidonda, kwa sababu msimamizi alikuwa papo hapo na hatukutaka aone uso mwingine.

Mimi nilikuwa nataka vitu viwili tu. Kubaki na kazi ile, na kuifanya bila kupigwa. Kuondoka ilikuwa rahisi. Lakini ningeitwa wa tatu asiyekuwa na subira, ofisi isingenipa mgonjwa mwingine, ningerudi kwenye karai la mihogo, na mikono ile ingengoja msichana wa nne. Zaidi ya yote, kazi nilikuwa naipenda. Nilikuwa najua kumgeuza mtu kitandani bila kumwumiza. Najua kumnywesha dawa asiyetaka dawa. Mtu hupata mara ngapi kazi inayomfanya ashuke ngazi mbio?

Aliyenifumbua macho ni yule mwenzangu wa chumba. Ilikuwa Jumapili, tunafua uwanjani, blauzi ikanishuka, akaliona bega. Nikaanza kumsimulia kama kichekesho, jinsi babu alivyo na wivu, jinsi alivyomtukana yule wa bodaboda. Yeye hakucheka. Alikamua nguo, akaianika kwenye kamba, akasema, "Hata kwetu babu humwita mjukuu mke. Hilo si geni. Lakini huyu anapokupiga, anacheka?"

 Hakuwa anacheka. Nilirudisha mawazo nyuma siku hadi siku, sikupata popote alipocheka nami tangu lile kofi. Mzee alikuwa na mke anayekuja asubuhi na kulala kwingine usiku, anayezungumza na wanaume langoni, na anayemcheka usoni anapomwuliza. Mimi nilikuwa natania peke yangu. Yeye alikuwa ameoa.

Mtu angefikiri ningelia. Mimi nilijawa na msisimko hadi nikamwaga beseni. Kwa sababu kama ni ndoa, basi kuna kuachana. Niliwaza usiku kucha nitamwachaje mume huyu, na Jumatatu nikaenda Kakuyuni nimefungua macho kama mtu anayetafuta sindano.

Jibu lilikuja na sinia ya uji. Alikuwa amenishika mkono, ameanza maswali yake, mara mke wa bosi akapiga hodi na kuingia nusu, hakupita kizingiti. Mkono wa mzee ukaniachia palepale. Alivuta kikoi kikafunika magoti, akaiweka bakora nyuma ya kitanda, macho akayateremsha sakafuni. Akasema taratibu, "Asante, mwanangu. Weka hapo." Mke wa bosi aliweka sinia kwenye kigoda cha mlangoni, akarudi kinyumenyume. Na huyu ni mzee ambaye jina la mwanamke yule hakulijua tena, na mwanawe wa kumzaa kuna siku alimwita fundi wa mabati.

Nilitamani nipige vigelegele mle ndani. Mkaza mwana! Mke wa mwana na baba mkwe kwetu hawana utani, hawana mguso, hawana hata kutazamana sana. Baba mkwe haketi kitandani mwa mkaza mwana, wala mkaza mwana haingii ovyo chumbani kwa mkwewe. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenziwe. Sote hufundishwa hilo tungali wadogo, na mzee alikuwa amelishika miaka yote. Ugonjwa ulikula mengine, hapo haujafika. Mwalimu alisema tuingie katika dunia ya mgonjwa. Nilikuwa nimeingia kwa mlango mbaya, na mzuri ulikuwa hapo kando wazi.

Nikamwendea mke wa bosi jikoni. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Mama," nikamwambia, "nina ombi. Naomba niwe mke mwenzio."

Akaacha kukuna. "Unasemaje?"

"Nataka niwe mke wa bosi."

"Mwanangu, mimi nina nazi mkononi na kisu kiko karibu. Sema vizuri."

Nikamweleza yote, mkono, kikombe, komeo, bega, na jinsi mzee alivyoniachia sasa hivi alipomwona yeye. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliweka nazi chini. Akasema lile kofi la kikombe alilisikia, akajiambia ni mlango. Kisha akajifuta mikono, akatabasamu upande mmoja.

"Yaani nikupe mume."

"Wa mchana tu, mama. Usiku ni wako."

"Mchukue hata usiku, anakoroma," akasema, na tukacheka mpaka kuku wakashtuka.

Alinipa leso zake mbili, doti moja iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, akanifunga mwenyewe, moja kiunoni juu ya suruali yangu ya buluu, moja kichwani na mabegani. Akanifundisha nisimame wapi. Nisipite mlango wa mbele. Nitokee uani, kama mtu wa nyumbani. Nisimpe kitu mkononi, niweke chini. Nisimtazame. Haya nilikuwa nayajua, lakini nilimwacha anifundishe, kwa sababu alikuwa na furaha kama yangu. 

Kesho yake nilipiga hodi kutoka uani. Kizingitini nikasimama, nikainamisha kichwa, nikamwamkia, nikasema, "Baba, ni mke wa mwanao. Nimeleta uji."

 Nilikuwa naona vidole vyake tu, vile virefu, juu ya bakora. Nilikuwa nimesimama nimegeuza mguu mmoja tayari kukimbia. Kisha vile vidole vikaachia. Bakora ikaenda nyuma ya kitanda. Kikoi kikashuka magotini.

"Asante, mwanangu," akasema. "Weka hapo. Watoto hawajambo?"

Sina mtoto. "Hawajambo, baba."

"Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda kazini, baba."

"Mwambie asichoke sana."

Nilirudi jikoni kinyumenyume, na nilipofika tu mke wa bosi akanikumbatia, tukarukaruka bila sauti, vikombe vinagongana mezani. Na mambo yakaendelea hivyo hivyo. Jioni niliomba ruhusa kizingitini, akanijibu niende salama, akaniombea njia njema. Nilitoka lango lile mkono wangu haujashikwa na mtu, na yule wa bodaboda akaniuliza kama nimeshinda pesa. Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda Kakuyuni kwa hamu ileile ya mwanzo. Mzee aliniuliza habari za mvua, za shamba, akanihadithia minazi yake mmoja mmoja kama anayetaja ndugu. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Kumbe yule baba ambaye bosi alikuwa akinisimulia alikuwapo kweli, ameketi mle ndani muda wote, na mimi ndio kwanza nakutana naye.

Ila kila mlango una kizingiti chake. Mkaza mwana hamwogeshi mkwewe.

Nilijaribu. Niliweka maji ya vuguvugu bafuni, nikarudi kizingitini, nikasema, "Baba, maji yako tayari, nije nikusaidie." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe na mwanawe. Alilishika pindo la kikoi kwa mikono miwili. "Tutalaaniwa, mwanangu," akasema, na nikaona machozi yanamlengalenga. Nikarudi nyuma haraka. Aibu ilinipata mimi pia, ya kweli, kama mtu aliyekaribia kuvunja mwiko wa nyumba yake mwenyewe.

Tulijadiliana jikoni. Mke wa bosi akasema, kwa kunionea huruma tu, "Na ukivua leso? Uingie na sare yako, umwogeshe haraka, kisha ujifunge tena?" Nilimwambia hapana. Huo ungekuwa muda mfupi wa kuwa mke tena, na ndio muda ninaoinama karibu naye, mikono yangu yote miwili ina kazi. Talaka nimeshaitoa, siolewi upya kila asubuhi. Mwanamume wa kumwogesha ofisini hawakuwa naye. Akabaki mmoja tu.

Bosi aliporudi jioni alitukuta tumemngoja wote wawili, na leso yangu kichwani. Alikuwa ameshazoea kuniona nimejifunga hivyo na kudhani ni mapatano yetu ya kike. Nikamwambia kuanzia sasa kumwogesha baba ni kazi yake.

"Mimi? Na wewe niliyekuajiri?"

"Mimi ni mkaza mwana wake, bosi. Mwulize mwenyewe."

"Wewe ni mkaza mwana kwa leso za mke wangu."

"Kwa baba ni kweli. Na mkwe haogeshwi na mkaza mwana. Toka hapo langoni umwulize mtu yeyote wa Kakuyuni kama mkaza mwana humvua mkwewe kikoi."

Akamgeukia mkewe. Mkewe akasema, "Kweli hayo. Hata mimi singeweza."  Mtu anaweza kubishana na mhudumu; kubishana na mila mbele ya mkewe, babake akiwa anasikia, si rahisi. Akasema basi, kesho ni Jumamosi, duka litafunguliwa na vijana, atamwogesha. Tena akasema kwa majivuno kidogo kwamba yeye na babake walikuwa wakioga pamoja mtoni yeye akiwa mdogo, hakuna shida.

Asubuhi nilimpa maelekezo kama alivyotupa mwalimu wetu. Maji yasiwe ya moto. Mwambie kila unachofanya kabla hujakifanya. Usimwagie kichwani, anza miguuni. Simama pembeni, usisimame mbele yake wala usizibe mlango. Akanisikiliza akiitikia kwa kichwa, anakunja mikono ya shati, ana haraka. Akamshika babake mkono, wakaingia bafuni, mlango ukarudishwa.

Sisi tulibaki uani. Nakiri nilikuwa na msisimko ambao si mwema sana. Tulisikia maji. Tukasikia bosi anasema kitu na kucheka. Maji tena. Kisha sauti ya mzee ikapanda, ile sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nivae leso, na mwili wangu ukaitambua kabla ya masikio. Nilijikuta nimeuinua mkono kujikinga uso, nami niko nje, juani, hakuna aliyenikaribia. Mke wa bosi akauona ule mkono. Akanishika, akaushusha taratibu, hakuuachia. Ndani ndoo ikaanguka. Kitu kikagonga ukuta. Bosi akasema, "Baba, ni mimi," akarudia, "Ni mimi, baba," kisha hakusema tena.

Nilikwenda mlangoni, nikajifunga leso vizuri, nikasema kwa sauti ya mkaza mwana, "Baba, uji uko tayari." Kelele zikakoma. Baadaye mzee akajibu kutoka ndani, kwa adabu kabisa, kwamba anakuja, mwanangu, ngoja avae.

Bosi alimtoa amemfunga kikoi safi, akamketisha kitandani. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Shati lilikuwa limelowa na limechanika begani. Mdomo umepasuka, na shingoni kuna alama za vidole. Mkewe akaleta kitambaa na maji, akaviweka karibu yake. Hakuvigusa.

"Hakunijua," akasema. "Ameniuliza mkewe nimempeleka wapi. Amenishika koo, ananiuliza mkewe nimempeleka wapi."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Tangu ile siku alipocheka na kuniuliza kama nimekula, nilikuwa nimeyapanga na kuyanoa, na nilijua siku nitakayoyasema itakuwa siku ya raha. Nilitazama ule mdomo uliopasuka, sikupata hata moja. Babake aliyewabembeleza watoto alikuwa amemfia pale bafuni asubuhi ile, na yeye ndiye aliyekuwa peke yake naye.

Kuku wakarudi kudonoa karibu na miguu yake. Kisha akaniinulia uso.

"Dada," akasema, "wewe alikupiga wapi?"

Nikasogea, nikaketi ngazi ya chini yake. Nikavua leso ya mabegani, nikaanza kumwonyesha.